Tonge la Daku

Pale Ujiji, mtu akionekana anatafuna mchana wa Ramadhani huitwa kobe, na jina likishakunasa hata Idd haikuvui. Shomari Songoro aliitwa kobe tangu utotoni, ingawa hakuwahi kula kwa ulafi. Alizaliwa na selimundu. Chembe zake za damu zikikosa maji hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa, na yeye akabaki kulia kwa maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima na ndevu zake angeyakimbia. Kwa hiyo kila Ramadhani mama yake alimketisha nyuma ya pazia la jikoni na kikombe cha maji na sahani ya wali, watoto wenzake wakichungulia dirishani na kuimba, "Kobe, toa kichwa!" Mama akatoa fidia, chakula cha maskini kwa kila siku aliyokula mwanawe, na masheikh wakasema inatosha. Kwa Mungu ilitosha. Shomari mwenyewe hakuridhika, akakua na kinyongo chake hadi akawa fundi cherehani mwenye kibanda sokoni.

Ndipo likaja tonge.

Lilipikwa katika Jiko la Damu, jengo la manispaa lenye mabati ya bluu nyuma ya soko, na mkuu wa jiko hilo alikuwa Hidaya Songoro, dada yake Shomari wa tumbo moja. Ukilitazama tu ungesema ni tonge la ugali wa muhogo lililochovywa kwenye mchuzi wa sombe, yaani kisamvu, na usingekosea sana, kwani unga ulikuwa wa muhogo kweli na majani yalikuwa sombe, pamoja na mbaazi na maji ya bitiruti. Lakini ndani yake mlijaa punje za ute wa bamia, ndogo kuliko mchanga, kila moja imefumbata tone la maji na kijidudu hai kilichofunzwa kusikiliza damu. Ulimezapo wakati wa daku, punje hutawanyika tumboni na kuachia maji kidogo kidogo mpaka magharibi. Zikisikia damu inakuwa nzito hupiga kelele ambazo sikio la mtu halizipati, milingoti ya simu ya mji ikazinasa na kuzileta kwenye ubao wa jikoni. Watu wengine husema damu nzito kuliko maji wakijisifia ndugu zao. Wateja wa Hidaya wakisikia damu nzito huita gari la wagonjwa.

Katikati ya tonge mlikuwa na punje nyingine, ngumu, zilizoitwa akiba. Hizo hazikufunguka zenyewe. Zilingoja sauti ya mkuu wa jiko itaje jina la mwenye tumbo na kusema "fungua", ndipo zimwage maji yote na dawa yote kwa mkupuo. Sheikh wa wilaya alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kabla hajatoa hukumu. Kilichomezwa kabla ya alfajiri kikayeyuka chenyewe, alisema, ni daku kama daku nyingine. Akiba ikifunguliwa mchana kwa amri ya mtu, yeyote yule, ni sawa na kikombe kilichotiwa mdomoni, na saumu ya siku hiyo imekwisha. Akaongeza kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula na asione haya, lakini sehemu hiyo ya hukumu watu wa Ujiji waliisikia kwa sikio moja.

Waliotengeneza tonge hawakumpa mgonjwa mwenyewe uwezo wa kuifungua akiba yake. Walihofu kwamba mwenye kiu angeifungua jua halijapanda. Basi kila aliyetaka kufunga alifika dirishani kwa Hidaya kabla ya mwezi kuandama, akatoa kauli kwa mdomo wake: nifungulie ukiona vibaya, au usinifungulie mpaka niseme.

"Dada, mimi isifunguliwe mpaka niseme mwenyewe," Shomari alimwambia siku ilipofika zamu yake.

"Na ukishindwa kusema?"

"Nikizimia, fungua. Aliyezimia hana kauli. Lakini nikiwa na macho yangu na ulimi wangu, nikasema hapana, basi ni hapana. Niapie."

"Shomari, dini imeshakuruhusu kula. Hakuna anayekudai."

"Maisha yangu yote nimeruhusiwa, dada. Nimeruhusiwa nisicheze mpira, nimeruhusiwa nisibebe ndoo, nimeruhusiwa nisifunge. Nimechoka kuruhusiwa. Mwaka huu nataka niamrishwe kama wenzangu."

Hidaya alicheka, maana mdogo wake alikuwa na mdomo tangu zamani, kisha akaona hacheki naye. Akasema, "Wallahi, sitafungua mpaka useme." Alisema kwa moyo mweupe, kwa sababu siku hiyo ilikuwa rahisi kusema.

Na Ramadhani ikaenda vizuri kuliko alivyotegemea. Shomari alifunga siku ya kwanza, ya pili, wiki, na nusu ya mwezi ikapita. Magharibi alifika kwa dada yake amevaa kofia iliyopigwa pasi, akakaa mkekani katikati ya wanaume na kulalamikia kiu kwa sauti kubwa, kwa raha ya mtu aliyenyimwa lalamiko hilo tangu azaliwe. Hata alikonda kidogo, akajisifia. Hidaya alipomtazama akinyoosha mkono kwenye uji pamoja na wengine, alilazimika kwenda uani kufuta macho.

* * *

Kumi la mwisho la mwezi lilikuja na joto la kabla ya mvua, joto linalofanya hata mbuzi wasogee kivulini wenyewe. Hidaya na msaidizi wake Kitwana walikuwa hawabanduki mbele ya ubao. Kila aliyefunga alikuwa na taa yake: ya kijani kwa damu inayotembea, ya manjano kwa inayosuasua, nyekundu kwa inayokwama. Nyingi siku hiyo zilikuwa manjano. Watu kadhaa walikuwa wameshapiga simu na kusema wafunguliwe, nao wakafunguliwa, wakatukana joto na kwenda kulala. Taa ya Shomari ilikuwa kijani kibichi, nzuri kuliko zote.

"Mdogo wako leo ana damu ya mwanariadha," Kitwana alisema.

"Mashaallah, usimtie jicho."

Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja, jambo lililomaanisha kwamba aliyekuja ni Shangazi Mwavita, dada wa marehemu baba yao, aliyefika jana kwa treni kutoka Tabora kuja kula Idd. Shomari ndiye aliyempokea, na kwake ndiko alikolala.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmenuna hivyo? Ujiji yenu hii ina baraka. Saumu ya leo nyepesi kama pamba! Nimefua, nimepiga pasi, nimezunguka soko zima nikitafuta samaki wa migebuka, kiu sijaisikia hata ya kusingiziwa. Na miye hulala tangu adhuhuri nikingoja adhana."

Kitwana aliinamia ubao na kukunja uso. "Dada Hidaya, Shomari kaja?"

"Shomari yuko kibandani, anadarizi kanzu za watu. Kwa nini?"

"Sauti ya punje zake inatoka humu ndani."

"Mlingoti umeharibika."

Shangazi Mwavita, ambaye hakuna sufuria iliyowahi kumpita bila kuchunguliwa, alienda upande wa pili kufunua mfuniko. Kitwana alifuatisha kwa kidole kwenye ubao. "Sasa kahamia jikoni," alisema taratibu, na wote wawili wakageuka kumtazama shangazi.

"Mnanitazamia nini? Sijaonja."

"Shangazi," Hidaya aliuliza, "daku mlikula nini?"

"Wali na maharage. Mdogo wako na hilo tonge lake. Nikamwambia, he, mwanangu, mgeni nimetoka Tabora kote kule, weye unakula chako peke yako kama mchawi? Akacheka, akanimegea nusu. Kijana ana adabu yule, baba yenu angefurahi."

Wale waliotengeneza tonge walikuwa wamefikiria kutapika, kuharisha, homa na jua kali. Walifikiria hata mtu kuanguka mtoni. Hawakumfikiria shangazi. Na kwetu huku nani angemnyima shangazi tonge, tena mgeni, tena kwenye sinia moja?

Ubao haukuwa mbovu. Ulikuwa ukifanya kazi yake kama ulivyofundishwa: kusikiliza punje zote za jina moja, kujumlisha, kisha kutoa wastani. Nusu ya punje za Shomari zilikuwa zikiogelea katika tumbo la mwanamke mwenye afya ya chuma, zikiimba kwamba damu ni safi na maji ni tele. Nusu nyingine zilikuwa zikipiga kelele, na kelele zao zilifunikwa na furaha ya Shangazi Mwavita.

"Zitenge," Hidaya alisema. "Toa zote zilizomo humu ndani, acha za kibandani."

Kitwana aligusa hapa na pale. Taa ya Shomari iliruka kutoka kijani hadi nyekundu bila kupitia manjano.

Shangazi Mwavita hakuelewa mambo ya ubao, lakini nyekundu aliielewa. Alikaa chini sakafuni. "Nimemmaliza mtoto wa kaka yangu," alisema.

"Hujammaliza, shangazi. Akiba iko katikati ya tonge, na wewe ulimegewa pembeni. Kitwana, akiba iko wapi?"

"Iko kwake, yote. Fungua tu, dada. Hapa hapa."

"Niliapa mpaka aseme."

"Basi mfuate ukamwombe aseme." Kitwana aliteremsha sauti. "Ila wakijua kwamba jiko limemfungulia mtu aliyekataa, keshokutwa hapa dirishani hatutamwona mtu. Watafunga bila tonge. Unawajua."

Hidaya aliwajua. Alichukua simu na kutoka, akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona na kumsihi mwenyewe akimbize.

* * *

Mashine siku hizi hushona suruali peke yake wakati mwenye duka kalala, lakini kanzu ya Idd pale Ujiji bado hudariziwa shingoni kwa mkono, na mkono unaotakiwa ni wa Shomari. Kibanda chake kilijaa kanzu nyeupe zilizotundikwa. Yeye alikaa katikati yake ameinama, sindano mkononi. Midomo ilikuwa imepasuka na weupe wa macho umekuwa wa njano.

"Dada," alisema bila kushangaa. "Shangazi kasema, eh?"

"Ulijua?"

"Nilijua nitapata kiu. Sikujua nitapata hivi. Magoti yananiuma tangu asubuhi."

"Sasa kwa nini hukumkatalia?"

"Shangazi Mwavita? Kwenye sinia?" Akamtazama. "Wewe ungemkatalia?"

Hidaya alichuchumaa mbele yake na kumshika goti. Lilikuwa la moto. "Sema neno, mdogo wangu. Neno moja tu. Taa yako nyekundu."

"Alasiri haiko mbali, na baada yake magharibi. Nimeshavumilia nusu."

"Nusu iliyobaki ndiyo inayoua."

"Sijakosa hata siku moja, dada. Hata moja. Unajua wale wazee wa pale kwenye kahawa wananiitaje sasa? Wananiita Shomari. Jina langu." Akajaribu kucheka, na mdomo ukapasuka zaidi. "Niache niimalize leo. Kesho nitameza tonge zima, shangazi nitamfungia stoo."

"Kesho unaweza usiwepo."

"Basi nitakuwa nimekufa nimefunga. Kuna wanaoomba kifo hicho."

"Usiseme hivyo mbele yangu," Hidaya alisema, akalia wazi wazi, na hakujali waliopita nje.

Shomari alinyoosha mkono wa kushoto kumshika bega, kama alivyozoea kumtuliza. Mkono ulifika nusu ukaanguka mapajani. Aliutazama kwa mshangao. Akajaribu kuokota sindano iliyokuwa imedondoka juu ya kanzu, na vidole vyake vikaipapasa bila kuikamata. Hidaya aliinua macho usoni kwake akaona upande mmoja wa mdomo umelegea. Alikuwa ameliona jambo hilo kwa wateja wengine, na mmoja kati yao hakuinuka tena kitandani. Damu ilikuwa imeanza kukwama kichwani.

"Shomari, nifungue?"

"Hapana."

Neno lilitoka zito, kama la mtu anayezungumza na chakula mdomoni, lakini lilikuwa hapana. Macho yake yalikuwa yake. Alimjua aliye mbele yake, alijua anaulizwa nini, na alijibu.

Hidaya alisimama. Alitoka hadi nyuma ya kibanda, mahali wanapotupa vipande vya vitambaa, akashika simu karibu na mdomo. Alitafuta njia ya kujidanganya. Angeweza kusema kwamba ulimi ule haukuwa tena ulimi wa Shomari, kwamba aliyepooza upande ni sawa na aliyezimia. Ilikuwa hoja nzuri na pengine sheikh angeikubali. Lakini alikuwa ametazama macho yale. Alimwogopa Mungu kwa sababu ya kiapo, akawaogopa watu wa dirishani, ila kumzika Shomari alikuogopa kuliko vyote hivyo vikiwekwa pamoja.

"Shomari bin Songoro," alisema. Sauti ilikatika, akarudia. "Shomari bin Songoro. Fungua."

Simu ikamjibu kwamba akiba imefunguliwa. Hidaya akaita gari la wagonjwa, akajifuta uso kwa khanga na kurudi ndani kumshika mdogo wake asianguke. Hakumwambia kitu.

* * *

Hospitali ilimpiga picha ya kichwa. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye haraka, alimkuta Hidaya kwenye korido akamweleza kwamba damu ilikuwa imeshaanza kuziba, kisha ikalegea. "Kuna maji yaliwahi," alisema. "Yangechelewa kidogo tu, ule mkono usingerudi. Pengine na yeye asingerudi. Alipewa nini?"

"Akiba," Hidaya alijibu.

"Aliyempa kafanya kazi nzuri."

Hidaya alipaswa kufurahi kusikia hivyo, na sehemu yake moja ilifurahi sana. Mkono ulikuwa umerudi. Mdomo ulikuwa umenyooka. Wodini Shomari alikaa ameegemea mto, anazungumza, anafungua na kufunga vidole vyake kama anayevihesabu. Nesi alimletea kikombe cha maji, akakisukuma. Akamletea tena baada ya muda, akakisukuma tena, safari hii kwa tabasamu.

"Bado nimefunga, nesi. Damu imejirekebisha yenyewe, si mmeona?"

"Huyu kaka ana imani!" nesi aliwaambia wagonjwa wa jirani, na mzee mmoja aliyefungwa mguu akasema mashaallah. Shomari aliinamisha kichwa kwa haya. Furaha yake ilikuwa kubwa hata Hidaya alishindwa kuitazama, akatoka tena koridoni.

Shangazi Mwavita alikuwa huko na makapu yake. Alikuwa amepika tangu alipoinuka pale sakafuni: uji, mihogo, migebuka ya kukaanga, tende kwenye bakuli. Kitwana alikuwa amemweleza yote, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumficha Shangazi Mwavita jambo akafanikiwa.

"Usimwambie," alisema kabla Hidaya hajafungua mdomo.

"Shangazi."

"Nisikilize weye. Mungu anajua. Mungu hahesabu kama ubao wenu. Mtoto hakuvunja saumu, kavunjiwa. Mwache aifuturu siku yake kwa amani. Ukimwambia utamuua mara ya pili, na safari hii hakuna akiba."

"Na keshokutwa akija dirishani? Atameza tonge akiamini neno lake linasikilizwa. Na kumbe halisikilizwi."

"Lisikilizwe la nini kama linamuua?" Shangazi alikuwa na machozi. "Miye ndiye niliyekula maji yake. Nipe na miye nafasi ya kumwona anafurahi."

Hidaya alimkumbatia. Alimpenda sana shangazi yake wakati ule, akaona kwamba kila alichosema ni kweli, na bado hakikumtosha.

Adhana ya magharibi iliingia kwa dirisha la wodi. Shangazi alikuwa ameshapanga vyakula juu ya meza ndogo ya kitanda. Shomari alichukua tende kwa mkono wa kushoto, kwa makusudi, kuonyesha kwamba unashika. Kisha akakumbuka adabu, akaihamishia mkono wa kulia. Akasoma dua ya kufuturu. Shangazi akajizuia kupiga kigelegele kwa ajili ya wagonjwa.

"Dada," Shomari alisema, macho yanang'aa. "Nimeifikisha."

"Hukuifikisha," Hidaya alisema. "Niliifungua mimi."

Tende ilibaki karibu na mdomo. Shangazi aliziba uso kwa mtandio. Shomari hakuuliza maana yake, aliielewa mara moja, na Hidaya aliona jinsi uso wake ulivyojikusanya kama wa mtoto aliyeitwa jina dirishani.

"Lini?"

"Pale kibandani. Uliposhindwa kuokota sindano."

"Nilikuwa nimeshasema hapana."

"Ulisema."

"Kwa ulimi wangu."

"Kwa ulimi wako. Nilikusikia vizuri. Nikafungua."

Shomari aliirudisha tende kwenye bakuli. "Maji yote niliyoyakataa hapa," alisema. "Mmekaa mnanitazama nikiyakataa."

"Mwanangu, kosa langu," Shangazi alianza. "Miye ndiye niliyeomba—"

"Wewe uliniomba, shangazi, nikakupa. Hukunichukulia." Alimgeukia dada yake. "Ungeniacha."

"Nisingeweza."

"Uliapa."

"Niliapa. Na kama ungenitazama vile tena sasa hivi, ningefungua tena. Sitaki kukudanganya kwa hilo pia. Nilikubeba mgongoni, Shomari. Nilikulisha mimi nyuma ya pazia wakati mama yuko shamba. Siwezi kukaa na kutazama."

Shomari akalia bila kujificha, na mzee wa mguu uliofungwa akageukia ukutani ili kumsitiri. Hidaya alitaka kumshika, akaona si haki yake kwa sasa, akakaa na mikono yake mapajani. Chakula kikapoa. Hatimaye Shomari alijifuta uso kwa shuka.

"Sikulaumu kwa kunipenda," alisema. "Lakini sitameza tena tonge ambalo mlango wake uko kinywani kwako. Nitalipa siku hii, na zilizobaki nitafunga mkavu."

Hidaya alimjua. Angefunga mkavu kweli, na angekufa kabla ya Idd. Akalifikiria tonge lisilo na akiba, na lenye akiba ya uongo, na kila hila ambayo mpishi anaweza kumfanyia mlaji. Zilikuwa nyingi, na zote zingefanikiwa. Akatoa simu, akampigia Kitwana.

"Kitwana, futa sauti yangu kwenye akiba ya matonge ya Shomari yaliyobaki. Tia yake mwenyewe."

"Hatujawahi kufanya hivyo, dada."

"Inawezekana?"

"Mkuu wa jiko akiamuru, inawezekana. Lakini akiba hukubali sauti moja tu. Ikishaingia yake, yako haitasikika tena. Hata akizimia. Unanielewa? Hata akizimia."

Sauti ya simu ilikuwa wazi na Shomari alikuwa amesikia. "Hata nikizimia?" aliuliza. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana anaogopa.

"Hata ukizimia," Hidaya alisema. "Hakutakuwa na mtu."

Shomari aliutazama mkono wake wa kushoto, akaufunga, akaufungua. Shangazi alinong'ona jina la Mungu. Kisha alinyoosha mkono akapokea simu.

"Taja jina lako," Kitwana alisema.

"Shomari bin Songoro."

"Tena."

"Shomari bin Songoro."

"Imeingia. Na wengine, dada? Wakiuliza dirishani?"

"Waambie nilichofanya leo. Na kila mwenye kauli atakayetaka, mpe sauti yake." Hidaya aliichukua simu.

"Sasa ijaribu yako," Kitwana alisema. "Lazima nihakikishe imetoka."

Hidaya alimtazama mdogo wake, naye akamtazama bila kukwepa. Akasogeza simu mdomoni.

"Shomari bin Songoro," alisema. "Fungua."

"Sauti haitambuliki," simu ikajibu.

Akaizima, akaiweka kando ya bakuli. Koo lake lilikuwa kavu, kwani hata yeye alikuwa hajafuturu. Shomari alimsogezea kikombe kile cha maji, naye akanywa.